Gucha Ilienda Wapi? Historia Fupi ya Muundo Unaobadilika

Leo tuzungumzie programu ambayo muundo wake hubadilika huku kazi ikiendelea, na jinsi ya kuthibitisha kihesabu kwamba haitaharibika. Mfano tunao Kisii na Nyamira.

Katika sensa ya 1999 eneo hili lilikuwa na wilaya tatu: Kisii ya Kati, Gucha na Nyamira. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya zilizoundwa nje ya sheria ya 1992 si halali. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47 kwa kufuata wilaya za sheria hiyo: Kisii nambari 45, Nyamira nambari 46. Gucha haimo. Mwaka 2012 maeneo bunge nayo yakagawanywa upya: Kisii yakatoka 7 yakawa 9, Nyamira yakatoka 3 yakawa 4.

Sasa fikiria hifadhidata ya wagonjwa au ya vizazi. Ukifuta Gucha, rekodi zake zinabaki yatima. Ukiiacha, watu wake wanahesabiwa mara mbili.

Mwaka 1990 Jeff Kramer na Jeff Magee wa Imperial College, London, waliandika kuhusu tatizo la namna hii. Walisema sehemu ya mfumo isiondolewe mpaka itulie: isiwe katikati ya shughuli yoyote, wala isianzishe nyingine, na wenzake wasiitume kazi. Baadaye zikaja lugha kama Alloy ya Daniel Jackson wa MIT. Humo unaandika sharti lako, kwa mfano: "kwa tarehe yoyote, kila eneo bunge lina kaunti moja tu". Kisha unaandika kila badiliko kama hatua, na kompyuta inatafuta hatua itakayovunja sharti. Hutafuta ndani ya mifano midogo tu, lakini makosa mengi hujitokeza humo humo.

Zingatia neno "tarehe". Bila hilo, Gucha ya 1999 na Kisii ya 2013 zitagombana daima.

Ila hesabu ina mpaka wake. Mji wa Keroka uko mpakani, na kaunti hizi mbili zimevutana sana kuhusu ushuru wake. Kompyuta itakuambia kwamba kibanda kimoja kina wenyewe wawili. Mwenyewe halali ni nani? Hilo huamuliwa na sheria. Kazi yetu ni kuhakikisha programu haimchagui kimyakimya, mfanyabiashara akalipa mara mbili.