Kicheko cha Mtani na Kicheko cha Jukwaani

Mzaramo aliyefiwa hakuachwa alie peke yake. Mnyamwezi, mtani wake tangu enzi za misafara ya bara na pwani, aliingia msibani akiiga sauti na mwendo wa marehemu, akazuia maziko mpaka apewe ada yake. Wafiwa walicheka huku machozi yakiwatiririka, wala hapakuwa na aliyeona ajabu. Kicheko na kilio vililala mkeka mmoja. Na mtani huyo, akiisha mzaha, alishika jembe akachimba kaburi, akala matanga pamoja na wenyeji. Siku msiba ulipomfika yeye, Mzaramo alikuja kumlipa deni.

Sivyo ilivyo kwa mchekeshaji wa jukwaani. Vichekesho, yaani michezo mifupi isiyoandikwa ambayo wachezaji huitunga papo hapo, vilikuwapo tangu siku za ukoloni. Lakini vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980, kama vile Muungano kilichoanzishwa mwaka 1980, viliviuza kwa kiingilio, usiku mmoja pamoja na ngoma, taarabu na sarakasi. Hapo kicheko kikawa bidhaa. (Sikebehi, msanii naye ana watoto wa kulisha.) Mtazamaji aliyelipa hakuja kumuuliza mchekeshaji habari za mgonjwa wake nyumbani, na wala hakubaki na deni la kumlipa siku ya msiba.

Mtazame Amri Athuman, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948, aliyejulikana kote kwa jina la King Majuto. Majuto ni neno la huzuni. Ila kwa jina lake watu walilisikia wakaanza kucheka kabla hajafungua kinywa. Mwaka 2018 aliugua tezi dume, akapelekwa India kwa matibabu. Ndipo taifa liliposikia pia habari za mikataba isiyolingana na jasho lake, na Wizara ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Yaliyokuwa moyoni mwake si yangu kuyasema.

Mwenzake katika fani, Said Ngamba, yaani Mzee Small, alikuwa ametangulia mwaka 2014, baada ya kuugua kiharusi. Picha zao za video zingali zawachekesha vijana waliokuwa watoto wadogo wazee hao walipokuwa wakiuguzwa.