Saa Zetu, Ngazi Zao: Historia ya Kusaga katika Michezo ya Video

Mnamo Mei 1986 kampuni ya Enix ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Dragon Quest. Mchezaji huvaa uhusika wa shujaa anayetakiwa kumshinda bwana wa majoka. Anatoka kwenye kasri akiwa dhaifu, anatembea hatua chache nyikani, na mbele yake kinatokea kidude cha ute, cha rangi ya buluu, chenye macho makubwa na tabasamu. Akikiua anapata alama moja ya uzoefu. Ili apande kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili anahitaji alama 7. Ngazi ya tatu inadai jumla ya alama 23, ya nne 47, na ya 30, ambayo ndiyo ya mwisho, alama 65,535. Idadi hiyo ya mwisho haikuchaguliwa kwa hekima yoyote. Ni namba kubwa kuliko zote ambazo mashine inaweza kuziandika katika baiti mbili za kumbukumbu. Basi shujaa huzunguka palepale karibu na kasri, akiua vidude, akirudi kulala katika nyumba ya wageni, akitoka tena, hadi nguvu zake zitoshe kuvuka daraja linalofuata.

Wachezaji wanaozungumza Kiingereza wamelipa tendo hilo jina la kusaga, kama mtu asagavyo nafaka. Kiswahili kinaweza kulipokea jina hilo bila shida, maana tayari tunasema mtu “anasaga soli” anapozunguka mjini siku baada ya siku akitafuta kazi. Hapa “kusaga” kutakuwa na maana ya kurudia pambano lilelile mara nyingi, si kwa sababu lina msisimko bali kwa sababu lina malipo. Ipo tofauti moja kati ya wasagaji hawa wawili, nami naomba msomaji aishike. Anayesaga soli hajui kama jioni atarudi na chochote. Anayesaga mchezoni anajua, kabla hajainua upanga, atalipwa kiasi gani.

Mara nyingi kusaga hutajwa kama ushahidi wa uvivu wa waundaji wa michezo, au wa upotevu wa muda wa vijana. Hoja ya uvivu ina chembe ya ukweli: Dragon Quest yote ilijazwa katika kilobaiti 64, na njia rahisi ya kurefusha safari fupi ni kumlazimisha msafiri aipite njia ileile mara nyingi. Lakini maelezo hayo hayatuambii kwa nini mamilioni ya watu walikubali, wengine kwa furaha, kufanya burudani inayofanana sana na kazi ya kibarua.

Asili ya jambo hili haiko kwenye kompyuta. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, Gary Gygax alichapisha kanuni za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, alioubuni pamoja na Dave Arneson wa Minnesota. Watu wachache hukaa na karatasi, penseli na dadu. Mmoja wao, msimamizi, husimulia mapango na mazimwi, na wengine husema watakalofanya. Humo ndimo alama ya uzoefu ilimozaliwa. Hata hivyo, katika kanuni za mwanzo chanzo kikubwa cha alama hizo hakikuwa kuua. Kilikuwa hazina: sarafu moja ya dhahabu iliyofikishwa salama juu ya ardhi ilihesabiwa alama moja. Kikundi kilicholilaghai zimwi, kikaliibia likiwa usingizini na kutoroka, kiliweza kupanda ngazi haraka kuliko kikundi kilichopigana nalo hadi nusu ya watu wake wakafa. Isitoshe, msimamizi alikuwa binadamu. Mchezaji ambaye angetaka kurudi mara 40 kuua panya walewale angeambiwa panya wamekwisha.

Mashine haisemi panya wamekwisha.

Mwaka mmoja tu baadaye mchezo huo ulihamia kwenye PLATO, mtandao wa kompyuta uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Illinois kwa ajili ya kufundishia. Mmojawapo wa michezo ya kwanza kabisa, alioutunga Rusty Rutherford mwaka 1975, uliitwa pedit5. Jina hilo lisilo na maana lilikuwa kificho, ili faili lionekane kama la masomo. Wasimamizi wa mfumo waliufuta kila walipougundua, nao ukarudi. (Yeyote aliyewahi kusimamia kompyuta za ofisi anaijua vita hiyo, na anajua nani hushinda.) Mwaka 1981 Andrew Greenberg na Robert Woodhead, waliokutana katika Chuo Kikuu cha Cornell, walitoa Wizardry kwa kompyuta ya Apple II, na humo tunaukuta mtambo wa kusaga ukiwa tayari umekamilika. Katika ghorofa ya kwanza ya shimo kuna chumba ambamo mizimu iitwayo Murphy's Ghosts hupatikana kila mtu aingiapo. Haina madhara makubwa, na inalipa alama nyingi kuliko hatari yake. Wachezaji walikigundua chumba hicho upesi. Waliingia, wakapiga, wakatoka, wakaingia tena.

Kilichobadilika kati ya meza na mashine ni kipimo. Hila, busara na ujasiri haviwezi kuhesabiwa na kompyuta ya mwaka 1981, maiti zinahesabika. Hivyo maiti ndizo zikaanza kulipwa, na wachezaji, wakiwa watu wenye akili timamu, wakazalisha maiti. Mtumishi wa umma aliyewahi kujaziwa fomu ya malengo ya robo mwaka hahitaji nimweleze zaidi.

Aliyeutoa mtambo huo maabara na kuuingiza sebuleni ni Yuji Horii, mwandishi wa majarida aliyevutiwa sana na Wizardry. Michezo mingi iliyotamba sebuleni siku hizo ilidai wepesi wa vidole: aliyezaliwa nao alishinda, asiye nao aliishia hatua ya pili. Horii alitaka mchezo wa kuvaa uhusika ambao mtu asiyewahi kugusa kompyuta angeweza kuumaliza. Katika Dragon Quest, aliyeshindwa na joka leo hahitaji kipaji. Anahitaji jioni tatu za kuua vidude, kisha joka litakufa. Hata mchezaji hakuwa na mahali pa kuhifadhi alipofikia. Mfalme alimpa neno la siri lenye herufi 20, akaliandika daftarini, na siku ya pili akaliingiza upya ili aendelee na kazi.

Hapa natofautiana na wanaoidharau michezo hii. Kusaga kwa Horii kulikuwa mkataba wa haki kuliko mikataba mingi tunayoijua. Kila pigo lililipwa, malipo yalikuwa sawa kwa mtoto wa waziri na mtoto wa mvuvi, na hakuna aliyepandishwa ngazi kwa kujuana. Wanafunzi ninaowafundisha wameambiwa tangu shule ya msingi kwamba jitihada haiendi bure, na wengi wao wameona kwa macho yao jitihada za kaka na dada zao zikienda bure. Simshangai kijana anayekwenda kuitafuta ahadi hiyo mahali ambako inatimizwa hadi alama ya mwisho. Na kampuni haikupata senti ya ziada kwa kuwa ulisaga saa 100 badala ya saa 10: ulikwisha kununua kasha lako.

Hesabu hiyo iligeuka michezo ilipohamia kwenye intaneti. Ultima Online ilianza mwaka 1997 na EverQuest mwaka 1999, zote zikitoza ada ya kila mwezi. Sasa urefu wa kusaga ulikuwa mapato. Mchezaji anayekaribia ngazi inayofuata hafuti uanachama wake, kwa hiyo ikafaa daima awe anakaribia. Katika EverQuest, aliyekufa alipoteza sehemu ya uzoefu aliokwisha kuuchuma. Yaani hata mshahara uliokwisha lipwa uliweza kurudishwa.

Mwaka 2001 mchumi wa Marekani, Edward Castronova, alifanya jambo ambalo wenzake walilichukulia kama utani. Kwa kuwa wachezaji wa EverQuest walikuwa wakiuziana mali na wahusika wao kwa dola kwenye minada ya mtandaoni, alichukua bei hizo na kukokotoa uchumi wa Norrath, ulimwengu wa mchezo huo. Pato la taifa la Norrath kwa kila mkazi lilikuwa kati ya lile la Urusi na la Bulgaria. Ujira wa saa moja ya kusaga ulikuwa kama dola 3.42. Kwa Mmarekani, ujira huo ni duni. Lakini dunia ina maeneo mengi ambako dola tatu na nusu kwa saa ni mshahara wa kugombaniwa, na wafanyabiashara hawakuhitaji makala ya kitaaluma ili walitambue hilo.

Kabla sijafika kwao, nitaje mambo mawili yanayoonyesha jinsi alama ya uzoefu ilivyokwisha kuwa ujira kamili. Wakati World of Warcraft ikiwa katika majaribio mwaka 2004, waundaji waliweka kanuni ya kumpunguzia nusu ya alama mtu aliyecheza muda mrefu bila kupumzika. Wachezaji walikasirika. Kwa maelezo ya waundaji wenyewe, walichofanya ni kubadili majina: nusu ile ikaitwa asilimia 100, malipo ya kawaida, na malipo kamili yakaitwa asilimia 200, zawadi kwa aliyepumzika. Namba hazikuguswa, na manung'uniko yakaisha. Naye mtawala wa China, alipotaka mwaka 2007 kuwadhibiti watoto wasicheze kupita kiasi, hakufunga mlango. Aliagiza kwamba baada ya saa tatu malipo ya mchezoni yapungue kwa nusu, na baada ya saa tano yawe sifuri. Baadaye, mwaka 2021, Beijing iliachana na ustaarabu huo ikaweka saa moja tu ya usiku kwa siku chache za wiki.

Sasa tuingie kwenye karakana. Juni 2007 gazeti la New York Times lilichapisha ripoti ya Julian Dibbell kutoka mji wa Nanjing, China, ambako vijana walikaa mbele ya kompyuta saa 12 kila usiku, usiku saba kwa wiki, wakiua maadui walewale wa World of Warcraft ili kukusanya dhahabu ya mchezoni. Kwa kila sarafu 100 kijana alilipwa yuan 10, takriban dola 1.25. Ilikuja kuwa kama senti 30 za Marekani kwa saa. Sarafu hizohizo, zikipita mikononi mwa tajiri wake na muuzaji wa mtandaoni, ziliweza kumfikia mnunuzi wa Marekani au Ulaya kwa dola 20. Mnunuzi huyo alikuwa mchezaji aliyechoka kusaga.

Wafanyakazi hawa waliitwa wakulima wa dhahabu, na jina hilo likawa tusi. Wachezaji wengine waliwawinda ndani ya mchezo na kuwaua, wakaanza kumshuku kila asiyejibu vizuri kwa Kiingereza. Ni nadra kuona hasira ikielekezwa kwa wanunuzi, ingawa bila wao pasingekuwa na karakana hata moja. Mwaka 2017 mambo hayo yalijirudia: uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, raia wake wengi walikuwa wakiua majoka ya kijani katika mchezo wa RuneScape ili wauze dhahabu wapate chakula, na mchezaji mmoja akachapisha mtandaoni mwongozo wa namna ya kuwatambua na kuwaua.

Kisa kibaya kuliko vyote kilichapishwa na gazeti la Guardian la Uingereza mwaka 2011. Mfungwa wa zamani wa kambi ya kazi ya Jixi, kaskazini mashariki mwa China, alieleza kwamba mchana walivunja mawe na usiku walisagishwa michezo ya mtandaoni ili walinzi wauze dhahabu. Asiyetimiza kiwango, kwa maelezo yake, alipigwa.

Kampuni za michezo zilipambana na biashara hii kwa kufungia akaunti, kisha baadhi zikaamua kuifanya zenyewe. Hatua ya kweli ya mwisho, hata hivyo, ilitoka Vietnam, kwa kampuni ya Sky Mavis na mchezo wake wa Axie Infinity, ulioanza mwaka 2018. Humo kusaga kulilipwa waziwazi kwa sarafu ya kidijitali. Wakati wa Uviko-19, nchini Ufilipino, ambako wengi walikuwa wamepoteza ajira, mchezo huo uligeuka kuwa riziki. Tatizo ni kwamba kuanza kulihitaji viumbe watatu, na kufikia 2021 bei yao ilifika mamia ya dola. Wenye fedha wakawakopesha wasio nazo viumbe hao kwa masharti ya kugawana mavuno. Mkopeshaji aliitwa meneja. Msagaji aliitwa, bila aibu yoyote, mwanazuoni. Katikati ya mwaka 2021 sarafu waliyoivuna ilizidi senti 30 za Marekani. Kabla mwaka 2022 haujaisha ilikuwa chini ya senti moja. Machi 2022 wadukuzi waliiba zaidi ya dola milioni 600 kutoka kwenye mtandao wa fedha wa mchezo huo, na serikali ya Marekani ikawataja kuwa ni kundi la Korea Kaskazini. Mwanazuoni hakuwa na kiumbe, wala akaunti, wala sauti katika lolote kati ya hayo.

Katika ripoti ile ya Nanjing kuna jambo ambalo nimelirudia kulisoma mara kadhaa. Dibbell aliwakuta baadhi ya wafanyakazi, baada ya zamu ya saa 12, wakienda kwenye mgahawa wa intaneti wa jirani, wakilipa kwa fedha zao, na kukaa kucheza World of Warcraft. Mchezo uleule, mapambano yaleyale. Ila huko walitumia wahusika wao wenyewe, na ngazi waliyoipanda ilibaki yao.