Visukuku vya Mahenge, Singida, na Mipaka ya Historia ya Kale ya Tanzania

Historia ya kale ya Tanzania imezoeleka kuanzia kaskazini mwa nchi. Huanzia Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, au Laetoli, ambako nyayo za zamadamu zenye umri wa takribani miaka milioni 3.6 ziligunduliwa mwaka 1978. Makala hii inahoji mazoea hayo. Hoja yake ni kwamba kulipima eneo kwa ukaribu wake na chimbuko la binadamu kumeiweka Singida pembeni, ilhali mkoa huo una ushahidi wa uhai uliotangulia zamadamu kwa mbali sana.

Ushahidi huo upo Mahenge, katika nyanda za juu za Singida. Miaka ipatayo milioni 46 iliyopita, mlipuko wa volkano uliacha kasoko, na kasoko hiyo ikajaa maji na kuwa ziwa dogo. Tope laini lililotuama chini ya ziwa liliwafunika samaki, vyura na majani, likawa mwamba wa matabaka membamba. Volkano hiyo ni ya aina inayoacha miamba ambayo huweza kubeba almasi. Kwa sababu hiyo, jiolojia ya miamba ya Singida, aliyoiandikia tasnifu George Mannard mwaka 1962, ina uhusiano wa karibu na historia ya ugunduzi huu. Mwaka 1960, P. H. Greenwood alieleza kisayansi samaki Palaeodenticeps tanganikae. Mwaka 1967, yeye na Colin Patterson wakamwongeza samaki aliyepewa jina la mkoa wenyewe, Singida jacksonoides.

Uchimbaji uliofanyika mwaka 1996 chini ya Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York ulipanua maarifa hayo. Matokeo matatu yanastahili kutajwa. Kwanza, mwaka 2000 Alison Murray alieleza spishi 5 za Mahengechromis, samaki wa ukoo mmoja na sato, perege na furu wa leo. Spishi hizo kuishi pamoja katika ziwa dogo kunaonesha kwamba tabia ya ukoo huo kugawanyika katika spishi nyingi, inayofahamika sana katika Ziwa Viktoria, ina mizizi mirefu. Pili, mwaka 2003 ilitangazwa mifupa ya popo Tanzanycteris mannardi, ambaye sikio lake la ndani linaashiria kwamba alitumia mwangwi kujiongoza gizani. Charles Msuya alikuwa miongoni mwa waandishi wa taarifa hiyo. Tatu, majani ya mimea ya jamii ya mikunde yanaashiria uoto unaokaribiana na miombo.

Ushahidi huu una mipaka yake. Mahenge haina zamadamu, na kati yake na Laetoli pana pengo la zaidi ya miaka milioni 42. Aidha, ziwa moja huhifadhi kipindi kimoja tu; haifai kudai kwamba misitu hiyo ilidumu bila kukatika hadi leo. Kwa msingi huo, msomaji anaweza kusema kwamba Mahenge ni suala la wanajiolojia, wala si la wanahistoria. Makala hii haikubaliani na rai hiyo. Zamadamu hawakuingia katika nchi tupu. Waliingia katika mazingira yaliyokwisha kuwa na historia yake, na anayemsoma binadamu pasipo mazingira hayo husoma nusu ya habari.

Kwa kuhitimisha, jina la Singida limo katika istilahi za sayansi tangu mwaka 1967, lakini simulizi ya taifa bado hailipi nafasi inayostahili. Inapendekezwa kwamba Mahenge isomwe sambamba na Olduvai na Laetoli, si kama mshindani wa maeneo hayo, bali kama sura inayoyatangulia.