Garamba: nini mgeni anaona na nini anafanya kwenye mbuga kubwa ya kaskazini

Ukiuliza watu wa Bunia, Butembo ao Goma juu ya mbuga za wanyama, watakutajia Virunga, Kahuzi-Biega na okapi wa Epulu. Garamba wengi wanaisikia tu wakati wa habari mbaya. Lakini ile mbuga ya Haut-Uélé njo moja kati ya mbuga za zamani kabisa za Afrika, na ndani yake kuna wanyama wenye huwezi kuona fasi ingine yoyote ya inchi yetu. Tunaeleza hapa iko wapi, ilipitia nini, na mwenye kutaka kuitembelea ajipange namna gani.

Iko wapi

Garamba iko kaskazini-mashariki kabisa, upande wa Dungu na Faradje, na mpaka wake wa kaskazini ni Sudani Kusini. Mbuga yenyewe ina karibu kilometa za mraba 5,000. Imezungukwa na maeneo matatu ya uwindaji: Azande, Gangala-na-Bodio na Mondo-Missa. Ukiunganisha yote, inakaribia kilometa za mraba 15,000. Makao makuu iko Nagero, kando ya mto Dungu.

Mtu aliyezoea msitu wa Ituri atashangaa. Hapa ni uwanda mpana wa majani, na wakati wa mvua yanarefuka kupita kichwa cha mtu. Miti ni michache. Kuna mabonde ya mafunjo, vijito, na pembeni, katika maeneo ya uwindaji, msitu unaanza tena. Maji ya mito Garamba na Dungu yanateremka mpaka Uele, kisha Ubangi, na mwisho yanaingia ndani ya mto Kongo.

Historia kwa ufupi

Mbuga ilianzishwa mwaka 1938, wakati wa Wabelgiji. Mbele ya hapo, eneo lilikuwa limekwisha kujulikana juu ya jambo moja: kufundisha tembo. Kazi ilianzia Api, karibu na mwaka 1900, kiisha ikahamia Gangala-na-Bodio. Tembo wadogo walikamatwa porini, wakafundishwa kuvuta magari ya mizigo na kulima. Wakati wengi ulimwenguni walisema tembo wa Afrika hafundishiki, watunzaji wa hapa, wengi wao Wazande, walionyesha kwamba inawezekana. Baadaye tembo hao walibeba hata watalii mgongoni. Ile kazi imekwisha, lakini jina la Gangala-na-Bodio bado linakumbusha.

Mwaka 1980 UNESCO iliandika Garamba kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tangu 1996 iko pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na sababu hazikukosa.

Kifaru aliyepotea

Garamba ilikuwa makao ya mwisho ya porini ya kifaru mweupe wa kaskazini. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki karibu 15 tu. Ulinzi ulitiwa nguvu, wakaongezeka polepole mpaka kama 30. Kiisha vita na biashara ya pembe zikarudi, na mwaka 2005 walionekana wanne tu. Mwaka huo kulikuwa mpango wa kupeleka wachache Kenya ili wasalimike. Wengi hapa inchini walikataa: mali ya Kongo isitoke Kongo. Mpango ukaanguka. Miaka michache baadaye, hakuna aliyeonekana tena porini.

Leo duniani wamebaki wawili, Najin na Fatu, mama na binti yake. Wote walizaliwa katika bustani ya wanyama Ulaya na wanalindwa huko Ol Pejeta, Kenya. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Machi 2018. Ni neno la kufikiri: tulipigania mnyama mwenye Wakongomani wengi hawakumuona hata siku moja, na tulimpoteza bila kumuona.

Vita ndani ya mbuga

Kuanzia 2005 waasi wa LRA kutoka Uganda walijificha ndani ya Garamba. Desemba 2008 majeshi yaliwashambulia, nao wakageukia raia. Siku za Noeli mwaka ule, Faradje na vijiji vingine vililia watu wengi. Tarehe 2 Januari 2009 walifika Nagero, wakaua na kuchoma majengo ya mbuga. Majangili wa pembe walifuata: ndani ya miezi miwili tu ya mwaka 2014, tembo 68 waliuawa. Katika miaka ya 1970 mbuga ilihesabu tembo zaidi ya 20,000. Leo wanabaki kama elfu moja na kitu.

Tangu 2005 ICCN inasimamia mbuga pamoja na shirika African Parks. Walinzi wengi wamepoteza maisha kazini. Ni juu ya kazi yao njo ujangili wa tembo umeshuka sana tangu miaka ya 2016 na 2017. Na Juni 2023 vifaru weupe 16 waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Hawa ni vifaru weupe wa kusini, ni ndugu wa wale wa zamani, si wale wenyewe. Lakini Garamba iko tena na kifaru.

Mgeni anaona nini

Wa kwanza ni twiga. Garamba njo fasi moja tu ya Kongo yenye twiga wa porini, wale wa aina ya Kordofan. Ni wachache, na kuwaona kunaomba uvumilivu. Tembo wanatembea kwa makundi, mbogo pia, mara nyingine mamia kwa pamoja. Simba wapo. Kongoni na kobu wanaonekana karibu kila siku. Kandokando ya mto Dungu, viboko wanajaa: usiku mgeni wa Nagero anawasikia wakiguna. Upande wa msitu kuna sokomutu, lakini huyo si wa kuahidiwa kwa mgeni. Kwa wapenda ndege, kuna aina zaidi ya 300.

Mgeni anafanya nini

Kazi kubwa ni kuzunguka na gari asubuhi mapema na jioni, wakati wanyama wanatembea. Mchana wa jua kali, hata simba analala. Kuna pia kutembea kwa mguu pamoja na mlinzi mwenye silaha. Hapo sheria ni rahisi: mlinzi anatangulia, watu wanafuatana mmoja nyuma ya mwingine, hakuna kelele, na akisimama, wote wanasimama. Kiboko aliye inje ya maji asikatiwe njia ya kurudi mtoni, hata siku moja.

Njiani, usipite Dungu mbio. Hapo njo mito Dungu na Kibali inakutana na kuzaa Uele. Karibu na daraja kuna magofu ya jumba la wakati wa koloni, lililojengwa kama ngome za Ulaya. Wenyeji wanaliita château.

Wakati mzuri na namna ya kufika

Chagua kiangazi, Desemba mpaka Machi. Majani yanakauka, mengine yanachomwa, na wanyama wanaonekana mbali. Wakati wa mvua mabarabara yanaharibika na majani yanaficha kila kitu.

Kwa barabara, wa Bunia wanapitia Mahagi, Aru, Aba na Faradje. Wa Kisangani wanapitia Isiro na Dungu. Uwanja wa ndege uko Dungu, na Nagero kuna kiwanja kidogo cha ndege za kukodi. Uliza hali ya usalama mbele ya kutoka nyumbani, na uliza tena kila kituo. Usifike bila kutangaza: wasiliana na ofisi ya mbuga mapema juu ya kibali, malazi na bei.

Beba karte ya chanjo ya homa ya manjano, chandarua, na nguo za mikono mirefu za rangi ya kufifia. Buluu na nyeusi zinamvuta mbung'o, na Haut-Uélé inajua ugonjwa wa malale. Nyama ya pori na pembe usinunue, hata ukibembelezwa: mnunuzi njo anamlipa jangili.

Kwa shule na vikundi vya vijana

Mbuga haikuwekwa kwa wageni wa ndege peke yao. Shule ya Faradje, Dungu ao Aru iko karibu kuliko Ulaya. Walimu na viongozi wa vikundi wanaweza kuandikia ofisi ya mbuga na kuomba siku ya ziara ya wanafunzi. Twiga wa Garamba bado wapo. Mtoto aliyewaona kwa macho yake atajua ni kitu gani walinzi wanakufia.