Mstari wa Aliyeondoka

Majina ya Warundi huwapa makarani kazi. Ndugu wa tumbo moja mara nyingi hawana jina la ukoo wanaloshiriki. Kila mtoto hupewa lake. Jina lilelile, karani mmoja husikia R, mwingine L. Na wengi wasiojua siku waliyozaliwa huandikiwa Januari 1. Katika kambi za wakimbizi za Kasulu na Kibondo, basi, kinachomfunga mtoto kwa mama yake ndani ya kompyuta ni namba ya kaya. Uzi huo ukikatika, mtoto yupo lakini hana kaya, na mgao hutolewa kwa kaya.

Nikiisoma historia ya kambi hizi naiona kama historia ya matengenezo. Miaka ya 1990 orodha ilikuwa karatasi na kadi za chakula. Ikichafuka, kambi nzima ilihesabiwa upya. Baada ya mgogoro wa Kosovo wa 1999, ambako Microsoft ilisaidia usajili, UNHCR ilijenga mfumo wa proGres, ukasambazwa kambini mapema miaka ya 2000.

Kompyuta haikumaliza kazi. Kanzidata yenye shughuli nyingi huchafuka kwa kutumiwa tu. Katika PostgreSQL, kwa mfano, ukibadilisha taarifa, mstari wa zamani haufutiki papo hapo. Hubaki umekufa, ukichukua nafasi, hadi amri ya VACUUM ipite. Faharasa nazo hunenepa, utafutaji ukawa mzito.

Sasa fikiria 2015. Warundi zaidi ya 100,000 waliingia Tanzania, wengi wakapelekwa Nyarugusu, Kasulu, walikokuwa Wakongo tangu 1996. Oktoba, kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena na mabasi yakaanza kuwahamisha. Kila basi lilibeba mistari ya kubadilishwa: kambi mpya, makazi mapya, kituo kipya cha mgao.

Lakini mashine huondoa tu mistari inayojua imekufa. Haimjui mzee aliyezikwa Jumanne, wala kaya iliyorudi kwao kimyakimya. Hayo hujulikana kwa uhakiki: foleni, alama za vidole, maswali. Na hapo ndipo penye uzito. Asiyetokea huenda ameondoka. Huenda pia amelazwa. Mstari wa marehemu ukiachwa wazi, chakula huhesabiwa kwa asiyekuwepo. Wa aliye hai ukifungwa, anarudi nyumbani mikono mitupu.

Ndiyo maana rekodi ya mtu hufungwa, haifutwi. Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa 2012, watu wakarudishwa Burundi. Miaka mitatu baadaye, baadhi yao walikuwa miongoni mwa waliovuka mpaka tena. Kwa mtu kama huyo, mstari wa zamani ni ushahidi kwamba aliwahi kukimbia, aliwahi kurudishwa, na watoto wake ni wake. Anayesafisha kanzidata anapaswa kujua tofauti kati ya taka na kumbukumbu, mashine haitamfundisha.