Walihamishwa Bila Vyombo

Mwenye tovuti aliyetaka kutazama takwimu zake za mwaka 2015 mwishoni mwa 2024 hakukuta kitu. Hakuibiwa. Alikuwa ameonywa tangu Machi 2022 kwamba Universal Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, kingezimwa na kumbukumbu zake kufutwa.

Mambo yalianzia San Diego, Marekani, miaka ya 1990, kwenye kampuni ndogo iliyokuja kuitwa Urchin. Seva ya tovuti huwa na daftari lake: nani kabisha hodi, saa ngapi, kaomba ukurasa upi. Daftari hilo ni refu na linachosha macho. Programu ya Urchin ililisoma na kutoa majedwali yanayoeleweka hata na meneja. Google iliinunua kampuni hiyo mwaka 2005, na Novemba mwaka huohuo ikaitoa huduma hiyo bure kwa jina la Google Analytics. Watu walimiminika hivi kwamba usajili ulisimamishwa ndani ya wiki. Waliofuata waliingia kwa mwaliko, na mlango haukuachwa wazi kwa kila mtu hadi Agosti 2006.

Toleo lake la Universal Analytics lilitangazwa mwaka 2012. Hesabu yake ilikuwa ya ziara na kurasa, kama mtu anayefunua gazeti. Kisha simu janja zikatapakaa, na ndani ya programu za simu hakuna kurasa za kufunua. Julai 2019 Google ikajaribisha mfumo uliochanganya tovuti na programu za simu, na Oktoba 2020 ikaubatiza GA4. Humo kila kitu ni tukio: kufungua ukurasa, kubofya, kuteremsha skrini mpaka chini.

Ulaya nako kulikuwa na moto. Mapema mwaka 2022 mamlaka za kulinda taarifa binafsi za Austria, kisha Ufaransa, zilisema tovuti zilizotumia Google Analytics zilipeleka taarifa za watu Marekani kinyume cha sheria. Katika hilo GA4 ina nafuu: haihifadhi anwani za IP za wageni.

Basi amri ya Google ikatoka: wanaotumia bure, mwisho 1 Julai 2023, wanaolipa waliongezewa mwaka mmoja. Google iliita kuhama, lakini kuhama si mtu hubeba vyombo vyake? Hapa takwimu za zamani hazikubebeka. Sababu ya kiufundi ilikuwepo, nami naikubali. Msomaji aliyekaa dakika kumi kwenye ukurasa mmoja akaondoka, mfumo wa zamani ulimwandika kuwa kachungulia tu. Mpya unamhesabu aliyevutiwa, kwa kuwa alivuka sekunde 10. Kuziunga hesabu hizo mbili ni kujidanganya.

Nisilolikubali ni kufuta. Aliyetaka historia yake ilibidi aipakue mwenyewe, na wengi hawakujua namna. Hata ndani ya GA4, taarifa za uchambuzi wa kina hukaa miezi 2 usipobadilisha mpangilio. Asiyelipa huishia 14. Kaangalie mpangilio wako leo.

Jina la Urchin halijafutika. Ukiletewa kiungo chenye herufi utm baada ya alama ya kuuliza, hiyo u ni ya Urchin.