E Katika Mlinganyo: Mwandiko wa Kipeo

Mwanafunzi wa fizikia amepasha moto fimbo ya chuma cha pua, akapima inavyorefuka kwa kila mita kadiri joto linavyopanda. Vipimo ameviingiza kwenye lahajedwali, akachora grafu na kuweka mstari wa mwelekeo. Juu ya mstari umetokea mlinganyo: y = 1E-05x. Hapo ndipo wengi hukwama. Hiyo E ni nini?

E hapa si kigeu kama x na y. Husomwa "mara kumi kwa kipeo cha". Basi 1E-05 ni 1 × 10⁻⁵, yaani 0.00001, na 3E+04 ni 30,000. Kipeo hasi huisogeza nukta kushoto, kipeo chanya huisogeza kulia. Lugha ya kompyuta ya FORTRAN iliandika namba hivi tangu 1956, kwa kuwa kadi na mashine za siku hizo zilipanga herufi zote kwenye mstari mmoja. Tusiichanganye na e ndogo ya milinganyo ya ukuaji, ambayo ni namba halisi, takriban 2.718.

Wapo wanaoiita "nukuu ya kisayansi". Mimi siafiki. Nukuu kwa Mswahili ni maneno ya mtu yaliyochukuliwa kama yalivyo, na hapa hakuna aliyenukuliwa. Napendekeza "mwandiko wa kipeo", kwa sababu jina hilo linamwonyesha msomaji pa kutazama.

Lakini kukijua kipeo hakutoshi. Hatari kubwa imo kwenye tarakimu iliyo mbele ya E. Chuma cha pua hurefuka kwa takriban 0.000012 ya urefu wake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lebo ya grafu imekata 1.2 ikabakiza 1. Chukua reli ya kilomita moja, joto lipande nyuzi 20: hesabu sahihi inatoa sentimita 24, lebo inatoa 20. Sentimita nne zimepotea, ingawa kompyuta haikukosea hesabu. Imefupisha maandishi tu.

Kwa hiyo, kabla ya kunakili mlinganyo, bofya lebo yake kwa kitufe cha kulia, fungua mpangilio wa namba, chagua mwandiko wa kipeo na uongeze nafasi za desimali hadi nne. Ndipo uanze kukokotoa.